Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kabla Hujanunua Mashine

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na hesabu atayasoma mhazini, nami sitayarudia. Swali lililonifuata mwaka mzima ni hili: "Mwenyekiti, nimepata chumba nyuma ya nyumba, nataka kuunda ndege. Ninunue mashine gani?"

Jibu langu limewaudhi baadhi yenu, hasa wale ambao macho yalishatua kwenye leithi, mashine ya kukereza chuma. Ndege ya bati la alumini haihitaji leithi. Charlie Taylor, fundi wa wale ndugu wawili Wright, waanzilishi wa ndege, aliunda injini yao ya 1903 kwa wiki sita akiwa na leithi moja na drili ya kusimama. Na yeye alikuwa anaunda injini! Wewe unatoboa matundu, maelfu ya matundu.

Kwa hiyo anza na kompresa, mashine ya kushindilia upepo. Drili ya upepo ni nyepesi, ina kasi, na haichemki kiganjani hata ukishinda nayo kutwa. Kompresa hiyohiyo ndiyo itakayoendesha bunduki ya kugongea ribiti, vile vipini vya kuunganishia mabati. Ukienda kuinunua, tazama inatoa hewa kiasi gani kwa dakika; nguvu za farasi zilizoandikwa ubavuni ni za kumvutia mnunuzi. Kisha fungua koki ya chini kila jioni. Kompresa ya chama ilikaa miezi bila kufunguliwa, na siku tulipoifungua ilitema maji ya rangi ya chai. Maji hayo yalikuwa yanaelekea kwenye zana zenu.

Drili ya mezani na msumeno mdogo wa mkanda vitafuata. Hapo sina ugomvi na mtu, mradi glovu zivuliwe kabla ya kuwasha.

Ugomvi wangu ni kwenye grainda. Kila tundu huacha vimiba ukingoni. Usipoviondoa, mabati hayalaliani, na ukingo uliokwaruzika ndipo ufa unapoanzia. Kingo za bati husafishwa kwa gurudumu laini la nyuzi, si kwa jiwe la kijivu la kunolea chuma. Nilivunja sheria hiyo mwenyewe, kwa haraka tu. Alumini ikaziba uso wa jiwe, ukang'aa kama sarafu, na mashine ikaanza kutetemeka. Nikazima. Jiwe lililoziba hushika joto na laweza kupasuka usoni pako, hivyo nililipiga nyundo lisije likawashwa na mwingine.

Mafunzo ya ribiti yalikwenda vizuri. Wengi sasa wanatoboa kwa biti namba 40 kwa ribiti ya inchi 3/32 na namba 30 kwa ile ya 1/8, na kichwa kilichopondwa wanakipima badala ya kukikisia: upana mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti, kimo nusu ya kipenyo hicho. Kilichosalia ni midomo. Aliyeshika chuma cha kukingia nyuma ndiye anayesema "tayari", na mwenye bunduki hagusi kifyatulio kabla hajalisikia neno hilo. Bati tuliloligonga bila chuma nyuma bado liko ukutani, na bonde lake.

Kamati imekataa ombi la leithi ya chama. Badala yake tumeongeza koleo la kubana ribiti, kwa kuwa lile moja lilikuwa na foleni.

Drili ya pembe, ile yenye kichwa kilichopinda, haimo kabatini wala kwenye daftari la kuazima. Aliyenayo airudishe kabla ya kikao kijacho, pamoja na biti zake fupi.

Mwenyekiti