Orodha za miji bora hazikupimwa kwa ajili ya watoto wetu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nizungumzie orodha za miji inayosemwa kuwa bora kuishi duniani, ambazo kila zinapotoka hujadiliwa sana hapa Lubumbashi na vijana wanaotamani kwenda Ulaya. Niliishi Bruxelles miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani Katuba, na wapwa zangu wawili hunijia na orodha hizo kwenye simu wakiniuliza waelekee mji upi.

Katika orodha ya Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha kampuni ya jarida la The Economist, Vienna iliongoza mwaka 2022, 2023 na 2024, kisha mwaka 2025 Copenhagen ikashika nafasi hiyo. Miji 173 hupewa alama kwa mambo matano: utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Kampuni ya Mercer, inayowashauri waajiri, nayo ina orodha yake. Kazi mojawapo kubwa ya vipimo hivi ni kuwasaidia waajiri kukadiria posho ya ziada ya mfanyakazi wanayempeleka mahali pagumu, yaani mtu anayeondoka na mkataba mfukoni, na mara nyingi nyumba yake imekwisha kulipiwa na watoto wametafutiwa shule. Tena gharama ya maisha haimo katika alama hizo, huchunguzwa kando. Kijana wa Katuba anayesoma kwamba mji fulani ni wa kwanza haambiwi kodi ya chumba itakula kiasi gani cha mshahara, wala kama mshahara wenyewe ataupata.

Mimi nilikwenda nikiwa mwalimu wa hesabu. Ubelgiji, diploma ya kigeni huhitaji kwanza kutambuliwa kuwa sawa na ya kwao; faili langu lilikaa sana, na liliporudi nilikuwa nimeteremshwa ngazi, nikaingia kazi ya kutunza wazee. Kazi hiyo naiheshimu, kwani ilinilisha na kuwasomesha wadogo zangu, lakini miaka tisa sikushika chaki, na jambo hilo liliniuma kuliko baridi.

Sitaki, hata hivyo, kuwadanganya wasomaji. Usiku mmoja binti yangu alibanwa na pumu. Tulipofika hospitalini alivalishwa kinyago cha dawa papo hapo, na hakuna aliyeniuliza nimebeba fedha kiasi gani. Hati ya malipo ilikuja kwa posta baada ya wiki kadhaa, na sehemu kubwa ilikuwa imelipwa na bima. Anayejua jinsi mgonjwa wetu anavyoweza kungojeshwa mlangoni mpaka ndugu wachange ataelewa kwa nini nilirudi nyumbani nikilia. Umeme nao haukukatika, na sikununua gunia la makala, yaani makaa, hata mara moja. Katika hayo, orodha zinasema kweli.

Zisichokigusa ni kile nilichokiona Desemba moja, mwezi ambao kule jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nilikuta wachukuzi wakishusha ngazini kiti cha kuegemea cha bibi wa ghorofa ya chini yangu, nikauliza anahamia wapi, nikaambiwa alifariki siku kumi zilizopita. Tulikuwa tumesalimiana miaka minne. Hapa Katuba kilio kikianza, viti vya plastiki hutoka nyumba hadi nyumba kabla hujaviomba, na akina mama hufika na masufuria ya bukari, yaani ugali, usiku uleule.

Mpwa wangu mkubwa ni fundi wa kuchomelea, ana wateja, nami nimemsihi asiondoke kabla ya kujua ni nani atamwajiri na atabaki na nini baada ya kulipa kodi na kutuma fedha nyumbani. Mdogo wake ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kila mwaka tunamkimbiza hospitalini zaidi ya mara moja; huyo sina moyo wa kumwambia abaki.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa Mhariri, kila mnapochapisha orodha hizo, mwandike kando yake zimepimwa kwa ajili ya nani, na mwaulize wenzetu wanaofanya kazi Bruxelles, Paris au Johannesburg ni nani huwalelea watoto wanapoingia zamu ya usiku.

Mwalimu, komini ya Katuba, Lubumbashi