Usisubiri eti kwa kuwa siyo saratani

Shosti wangu,

Nimesoma ulichoniandikia, kwamba daktari kasema uvimbe wa kwenye moyo ni miksoma, siyo saratani, kwa hiyo unataka kusikilizia kwanza hadi mwakani. Nakuomba usifanye hivyo, yani nakuomba kabisa.

Siyo saratani kweli na tunashukuru, ila ubaya wa miksoma ni pale ilipokaa. Yako iko chemba ya juu kushoto, ndo inakopenda kuota, inaning'inia ukutani kwa kikonyo kama tunda, moyo ukipiga nayo inacheza. Ikishukia kwenye valvu, yani kile kilango cha ndani ya moyo, inaziba njia ya damu, ndo huko kubanwa pumzi na kule kuzimia kwako. Afu ni laini, kipande kikimeguka kinakwenda na damu hadi kwenye ubongo, basi ni kiharusi, na hakipigi hodi. Hata zile homa na kukonda na viungo kuuma ulivyohangaika navyo miezi yote vinaweza kuwa vinatoka hukohuko, maana uvimbe wenyewe unamwaga kemikali zinazouwasha mwili, na watu kibao wanatibiwa magonjwa mengine kabisa mpaka siku mtu awaze kuwapiga eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti.

Eko ya kifuani ndo imeuona, wakitaka kuuona vizuri zaidi watapitisha kipimo kooni, usiogope, kuna dawa za kukutuliza. MRI nayo inasaidia kujua kama siyo damu iliyoganda tu. Ila uhakika kamili unatoka maabara wakishautoa.

Yule jirani yako aliyeambiwa asubiri, sijui alikuwa na nini, lakini kuna vivimbe vingine kama lipoma, kile cha mafuta, kikiwa kidogo na hakisumbui daktari anaweza kusema tuwe tunakiangalia. Miksoma haisubiriwi hivyo, na dawa ya kuiyeyusha hakuna, akitokea mtu na mizizi yake mkatalie.

Ni operesheni. Wanasimamisha moyo, mashine inasukuma damu badala yake, wanautoa pamoja na kikonyo na kipande cha ukuta kilipoota, pakibaki tundu wanaweka kiraka. Najua inatisha kusikia moyo unasimamishwa, ila siyo kitu kipya, daktari mpasuaji Clarence Crafoord aliutoa kwa mashine hiyo kule Stockholm, Sweden, mwaka 1954, na kabla ya hapo wengi walikuja kugundulika nao wakishafariki. Leo wengi wanapona na kurudi kwenye maisha yao, kuota tena ni nadra. Ila kama kwenu kuna mtu aliwahi kuwa nao mwambie daktari, kuna hali ya kurithi inaitwa Carney, hiyo inarudi zaidi, na ndugu nao inabidi wapigwe eko.

Kesho piga simu uombe tarehe, uulize na dawa zipi uache kabla. Ukiipata niambie hapohapo, nije nikae na watoto.