Lafudhi isiwanyime wanafunzi jukwaa

Mhariri,

Katika mazoezi ya drama za Kifaransa za shule, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Nakuru, mwanafunzi ambaye Kifaransa chake kinabeba mdundo wa Kidholuo au Kiluhya mara nyingi hupewa kazi ya kupanga viti, naye anayeiga sauti za Paris hupewa nafasi ya mhusika mkuu. Sisi tunaowafunza tunaona hilo ni kosa, na kielelezo chetu ni Maria Casarès, mwigizaji wa Ufaransa mzaliwa wa Uhispania.

Alizaliwa A Coruña, Uhispania, mwaka 1922. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 vilimkimbiza hadi Paris akiwa msichana asiyejua Kifaransa, na lafudhi yake ilimkwamisha alipojaribu kuingia Conservatoire, chuo cha uigizaji cha Paris. Hata hivyo, mwaka 1942 alikuwa jukwaani katika Théâtre des Mathurins, mwaka 1952 akaingia Comédie-Française, kundi la taifa la maigizo la Ufaransa, na 1954 akacheza Lady Macbeth, mhusika wa Shakespeare, katika tamasha la mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa, chini ya mwongozaji Jean Vilar. Jukwaa hilo ni ua wa kasri la mapapa, halina paa, na mistral, upepo mkali wa eneo hilo, hubeba maneno. Aliyeigiza chini ya mabati ya Kakamega mvua ya alasiri ikinyesha anaijua shida hiyo. Mwaka 1989 alipata Molière, tuzo ya maigizo ya Ufaransa. Sauti yake nzito, yenye mkwaruzo, haikufanana na ya mwingine.

Kinachomfanya mwanafunzi asieleweke ni mambo machache yanayorekebishika. Kubwa ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa hukaza ya mwisho ya kifungu kizima. "Bonjour madame" isemwe kwa pumzi moja, mkazo uangukie "dam", bila irabu kuongezwa mwishoni, la sivyo inakuwa "madamu" wa darasani. Apige kofi moja tu, kwenye silabi hiyo ya mwisho.

Kwa "u" ya "tu", atamke "i", kisha aviringe midomo bila kusogeza ulimi. Asipofanya hivyo, "tu" (wewe) husikika kama "tout" (yote). Katika "bon", ncha ya ulimi isiguse ufizi. Ikigusa, "n" imeingia. Anayezungumza Kidholuo, lugha isiyo na "sh", asomewe "chez" na "ses" zikifuatana hadi azitofautishe kwa sikio kwanza, kisha kwa mdomo.

Mvua ikianza, asipige kelele. Kelele hupandisha sauti, hukausha koo na humaliza pumzi katikati ya sentensi. Apunguze kasi, avute pumzi kabla ya kila kifungu, na amalizie konsonanti za mwisho huku uso ukielekea hadhira.

Tunawaomba waamuzi wa mashindano ya drama wasiandike tu "lafudhi mbaya" kwenye karatasi za alama. Waandike ni sauti gani ilikosewa, na katika neno lipi.

Walimu wa drama ya Kifaransa,
Kisumu