Ile pikipiki nyekundu iliyoko stoo haiuzwi, na hatujaificha

Jumamosi iliyopita kaka mmoja alikuja dukani kufuata oili, akachungulia stoo akaiona ile nyekundu imefunikwa turubai. Akauliza bei, nikamwambia hiyo haiuzwi. Akatoa hela mfukoni kabisa, keshi, nikamwambia kaka haiuzwi. Jioni nasikia kijiweni tunasemwa, eti tumeficha mzigo tunasubiri bei ipande. Wiki hiyohiyo mteja mwingine, huyu alinunua kwetu, kanitumia vois ya dakika nne analalamika tumemuuzia pikipiki halafu tumemtelekeza, chapa yenyewe tumeacha kuleta. Sasa hawa wawili jibu lao ni moja na ngoja niliandike hapa maana kulirudia kaunta kila siku nimechoka.

Zile pikipiki, za chapa ya hiyo nyekundu, tulileta 12. Jina silitaji, wanaozijua wanazijua. Zilikuja kwenye maboksi tukazifunga wenyewe hapa Morogoro, nati moja moja, hatukumpa fundi wa nje. Na kiukweli ilikuwa chombo. Ilipanda Mgeta na magunia ya mboga bila kulia, kuna mzee wa Kinole alikuwa anashusha nayo ndizi mikungu sijui mingapi, mpaka leo anaisifia. Kwa hiyo anayesema tumeacha kwa sababu ilikuwa mbovu anaionea.

Tuliuza 11 kwa miezi 16. Boxer au TVS ikikaa hapa dukani wiki mbili najua kuna kitu hakiko sawa.

Mtu akisikia hivyo anasema sasa si mngepunguza bei. Tulipunguza jamani, mbili za mwisho tuliziuza karibu na bei tuliyonunulia, ukitoa VAT ya asilimia 18 na usafiri kutoka Dar hapo hatujapata hata hela ya soda. Ishu haikuwa bei. Bosi wa bodaboda akinunua pikipiki ya mkataba anawaza na siku ya kuiuza, dereva akishindwa hesabu akairudisha, yeye anataka aisimamishe barabarani asubuhi na jioni iwe imeondoka. Boxer inaondoka. Hii yetu watu walikuwa wanaizunguka, wanaisifia, wanapiga nayo picha, wanaondoka.

Lakini kilichotumaliza ni spea. Hapa naomba mnielewe maana ndipo wengi wanapoona tunapiga.

Pikipiki nyingi za Kichina mnazoziona zina injini iliyoigizwa kutoka Honda CG125, ile iliyotoka 1976, inayosukuma valvu kwa fimbo. Ndiyo maana ukiharibikiwa huko Kilosa ndani unakuta pistoni ya chapa nyingine kabisa inaingia na maisha yanaendelea, watu wakazoea kusema mchina ni mchina. Hii haikuwa hiyo. Kiwanda kilitengeneza injini yake chenyewe, kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, iko juu na inazungushwa na cheni, klachi yake, CDI yake, kile kiboksi cha umeme wa plagi, gasketi zake. Cheni ya nje ni saizi 428 ya kawaida, brekishuu unapata, tairi unapata, ila ukigusa ndani ya injini umeingia nchi nyingine. Nami nikaagiza mzigo bila kuuliza habari ya spea za ndani, hapo kosa ni langu nalikubali.

Sasa muagizaji hauzi CDI moja. Anauza boksi, ndani zipo 20. Mimi wateja wangu wa hiyo pikipiki ni 11, na kwa mwaka mzima imeungua CDI moja. Hizo 19 nazipeleka wapi? Hapo bado seti ya gasketi, bado koili, bado valvu, kila kimoja na boksi lake, na hela yenyewe ni ya mkopo inakula riba ikiwa imelala shelfu. Ningeendelea kuleta pikipiki bila spea ningekuwa nawauzia pikipiki na matatizo yake, hapo ndipo mngekuwa na haki ya kuniita tapeli.

Na spea zikikosekana watu huwa hawangoji, wanalazimisha.

Kuna mteja wa Turiani, klachi ilianza kuteleza akanipigia, nikamwambia pleti zipo Dar, siku tisa, shilingi 28,000. Akaona nyingi. Fundi wa huko akachukua pleti za pikipiki nyingine, zilikuwa zimezidi kidogo kwenye yale meno ya pembeni, akazipiga tupa mpaka zikaingia. Pikipiki ikatembea, akanipigia tena kunicheka. Wiki ya tatu kaileta kwenye Fuso. Tunafungua kava, oili imetoka ya kijivu kama uji wa ulezi, unaishika mkononi inameta vumbi la aluminiamu, kile kikombe kinachobeba pleti kimelika mifereji unaweza kuweka kidole. Bili ilifika laki moja na elfu 90. Akasema tunauza ghali!

Mwingine alifunga plagi ya uzi mrefu, milimita 19, kwenye kichwa kinachotaka fupi. Ilizunguka vizuri tu mpaka mwisho, akapiga kiki, plagi ikagonga pistoni. Ya huyo tuishie hapo.

Halafu kuna hili la ufundi, mbona kwenu kufungua injini elfu 35 na pale stendi Msamvu elfu 15. Gasketi za hiyo pikipiki hazipo madukani, tunazikata wenyewe. Fundi wetu anatandika karatasi ya gasketi juu ya kingo za injini anagonga taratibu na kanyundo kadogo, tap tap tap, kingo yenyewe ndiyo inakata, tundu za bolti anazitoa kwa gololi, na hapo hajachubua aluminiamu. Inamla mchana mzima. Ukiona mtu amekumalizia kwa saa moja ujue amepaka silikoni tu, na ile silikoni ikizidi inabanduka ndani inaenda kuziba njia ya oili, baadaye unaleta kemshafti imeungua rangi ya bluu unaniuliza imekuwaje.

Kwa hiyo hatujamtelekeza mtu. Wale 11 ninao kwenye daftari na namba zao za usajili, zile za MC. Kama uliinunua mkononi kwa mtu njoo na kadi tukuandike, ili tujue iko kwa nani. Ukihitaji spea tutakwambia ukweli kama ipo au haipo, na ukiambiwa siku tisa subiri siku tisa, hiyo tupa iache kwanza.

Yule kaka wa Jumamosi naye akipita tena nitamfunulia turubai aone mwenyewe. Upande wa kushoto ni mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye siti. Azunguke kulia. Hakuna kava la injini, kikombe cha klachi kilienda Turiani, CDI ilienda Kilosa, na jana mzee wa Kinole amepiga simu anaulizia shokapu za nyuma.