Desemba hii tuwekeeni na baleti ya nyumbani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila ikifika Desemba kurasa za burudani zinajaa matamasha, bichi na nyama choma, sawa, ila sisi wenye watoto wadogo usiku tupo nyumbani na hakuna anayetuandikia. Mi napendekeza usiku mmoja familia nzima ikae sebuleni iangalie The Nutcracker, ile baleti ya Krismasi, yaani hadithi inayosimuliwa kwa dansi na muziki, iliyorekodiwa jukwaani. Royal Opera House ya London wana huduma ya kuangalia mtandaoni kwa kulipia, na DVD zipo pia.

Wapo watakaosema hayo mambo ya wazungu wenye hela. Jamani, Kibera watoto wanajifunza baleti miaka sasa, na Joel Kioko aliyekulia Kuwinda, Nairobi, alifika mpaka shule ya English National Ballet huko London. Halafu haina maneno, bibi na mjukuu wanaelewa sawasawa: binti anapewa mdoli wa mbao wa kubangulia njugu, usiku wa manane mti wa Krismasi unarefuka mpaka juu, panya wanavamia na mfalme wao, binti anamtwanga mfalme wa panya na kiatu, basi mdoli anageuka mwana wa mfalme na anampeleka kwenye nchi ya peremende.

Utamu wenyewe uko sehemu ya pili na hapo ndo pa kupangia vitafunwa, maana dansi kadhaa ni vitu vya kula au kunywa. Inaanza chokoleti kwa mtindo wa Kihispania, inafuata kahawa ya Waarabu halafu chai ya Wachina, kwa hiyo nawe unagawa hivohivo, vipande vya chokoleti (kakao yetu ya Kyela isisahaulike), kisha kahawa chungu kwa wakubwa kwenye vikombe vidogo na kashata za nazi, watoto chai ya tangawizi. Hiyo dansi ya kahawa inaenda polepole sana, Tchaikovsky, Mrusi aliyetunga muziki wa baleti hii, aliijenga juu ya wimbo wa Georgia wa kubembelezea watoto, kwa hiyo unamimina taratibu bila kelele za vyombo.

Halafu anakuja malkia wa peremende. Pale sikiliza kinanda kinacholia kama vikengele, kinaitwa selesta, kilibuniwa Paris 1886 na Tchaikovsky alikiagiza kimyakimya asije mtunzi mwingine wa Urusi akamtangulia, kikasikika kwenye baleti hii St. Petersburg Desemba 1892. Wenye sabufa tafadhali shusheni besi kabisa, ukiacha inavotikisa vioo vya dirisha hutakisikia na utakuwa umekosa kitu kizuri kuliko vyote usiku huo.

Anzeni saa kumi na mbili jioni, mapumziko yakifika watoto wale wali wao kabisa, maana ukianza saa tatu watalala kabla ya peremende. Na kama huduma inaruhusu kudaunlodi, daunlodi mapema, bando isije ikakata katikati ya vita ya panya.

Ombi langu kwenu, Jumamosi ya kabla ya Krismasi chapisheni hadithi yake kwa kifupi, nusu ukurasa tu, na mpangilio wa dansi zake, ili mzazi aikate awasomee watoto kabla hajawasha tivii.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam