Mwanangu, karatasi ya mguu wako nimeipata

Marahaba mwanangu. Hujambo? Bibi hajambo? Ile picha uliyonitumia Jumapili nimeipata, karatasi ya daftari uliyokanyaga bibi akakuzungushia kalamu, na pembeni umeandika sentimita 23 na nusu. Nilipoondoka ulikuwa unavaa namba 31. Nimekaa kitandani nikaitazama picha hiyo mpaka chaji ikaisha, alafu nikasema leo silali, nitamwandikia mwanangu barua ndefu, maana kuna mguu mwingine nimeuona huku Ufaransa na toka siku ile nawaza kukusimulia ila kwenye simu kila nikianza mtandao unakata.

Mwezi uliopita nilipata siku tatu za mapumziko, dada mmoja ninayefanya naye kazi ana gari akaniambia twende Lot, ndo kwao alikokulia, unatoka Toulouse unaenda kaskazini mwendo wa saa moja na nusu hivi. Lot ni jina la mto na mkoa wenyewe unaitwa hivo hivo. Ukifika kule juu uwandani, wenyewe wanauita causse, unaona mawe tu mwanangu, mawe meupe, kuta za mawe, vijiti vifupi vya mwaloni, na kondoo wana miduara myeusi machoni kama wamepakwa wanja. Maji huoni. Nikamuuliza sasa nyie mlikuwa mnakunywa nini? Kumbe maji yapo, yako chini ya miguu yetu. Jiwe la kule ni la chokaa kama lile la mapango ya Amboni kwetu Tanga, mvua ikinyesha haikai juu, inapenya kwenye nyufa na kulila jiwe taratibu miaka na miaka mpaka chini panakuwa mapango na mito, alafu maji yanakuja kutokea bondeni huko mbali.

Siku ya kwanza tulifika Cahors, ndo mji mkuu wao. Pale kuna chemchemi wanaiita Fontaine des Chartreux, iko chini ya jabali karibu na mto, rangi yake kijani inaelekea bluu, imetulia kabisa utadhani kidimbwi tu, kumbe wazamiaji wameshuka humo zaidi ya mita 100. Zamani watu wa pale walimwita mungu wao wa maji Divona, na Warumi walipojenga mji wakauita kwa jina hilohilo. Humo ndani ya maji zimeopolewa sarafu nyingi za enzi za Warumi, watu walikuwa wanakuja na shida zao wanatupia. Nikakumbuka wale wanaokuja Amboni kutambika, wanaacha vitu vyao pale pangoni wanaondoka kimya. Na mpaka leo mwanangu mji wa Cahors unakunywa maji ya chemchemi hiyohiyo, ukifungua bomba ndo yenyewe.

Hatua chache kutoka hapo kuna daraja la Valentré, lina minara mitatu, walianza kulijenga mwaka 1308 likachukua kama miaka 70. Hadithi yake bibi ataipenda, msimulie. Fundi aliona kazi haiishi akapatana na shetani amsaidie, malipo yake ni roho. Kazi ilipokaribia kwisha fundi akaogopa, akamwambia haya, kanitekee maji ya mafundi ila uteke na chekecheke hili. Shetani akahangaika wee, maji hayakai, akashindwa, kwa hasira akawa kila usiku anang'oa jiwe moja la mnara wa katikati. Mwaka 1879 walipokarabati daraja, msanifu wao Paul Gout akaweka pale jiwe limechongwa kishetani kinang'ang'ana kulivuta, nimekiona kwa macho yangu, kidogo tu kiko juu kwenye kona.

Sasa hapa sikiliza vizuri mwanangu. Kulikuwa na bwana mmoja, Édouard-Alfred Martel, huyu ndo alizunguka mapango ya Ufaransa kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Mwaka 1891 hukohuko Lot akanywa maji ya chemchemi, maji masafi ya kung'aa, akaumwa vibaya na wenzake. Walipofuatilia wakakuta juu kule uwandani kuna shimo watu wametupa ndama aliyekufa, anaozea humo, na maji yanapita hapohapo yanakuja kutokea kwenye chemchemi. Yaani jiwe la chokaa halichuji, linapitisha tu. Bwana yule alipiga kelele miaka mpaka mwaka 1902 sheria ya afya ya Ufaransa ikakataza kutupa mizoga kwenye mashimo yale. Sasa nakuomba, lile shimo nyuma ya nyumba mnapotupa takataka, mwambie mjomba wako mama amesema lifungwe. Sisi pale tumekalia jiwe lenye matundu vilevile, na kisima cha bibi hakiko mbali. Nikikumbuka nilivyokuwa nabeba ndoo ya taka naenda kumwaga mle mwenyewe, alafu jioni nateka maji ya kukupikia uji, moyo unaniuma. Nampigia mjomba Ijumaa lakini wewe anza kumwambia.

Siku ya pili tukaenda Padirac. Hapo ni shimo, shimo kwelikweli, limefunguka katikati ya mashamba, upana kama mita 35 kwenda chini mita 75, paa la pango lilidondoka zamani. Unashuka kwa ngazi au kwa lifti, baridi inaanza kukupanda, makangaga yameota ukutani, ukitazama juu mbingu imekuwa duara kama sahani. Alafu unaendelea kushuka mpaka mtoni, mita 103 chini ya ardhi, unapanda boti, mtu anapiga kasia kimyakimya, maji masafi unaona mpaka chini na mawe yananing'inia juu yako kama mishumaa iliyoyeyuka. Martel yuleyule ndo aliingia mle kwanza kuutafuta huo mto mwezi wa saba mwaka 1889, na mtumbwi wa turubai na mishumaa. Mle ndani kuna ukumbi paa lake liko mita 94 juu, nilipiga shingo nyuma mpaka kitambaa kikadondoka.

Unakumbuka hadithi ya Amboni, ya wale Wazungu waliopotea pangoni na mbwa wao, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro? Ulikuwa unaniuliza kila mara mama ni kweli? Basi huku na wao walitaka kujua huo mto wa Padirac unatokea wapi. Mwaka 1947 wakamwaga rangi humo ndani wakasubiri, rangi ikaja kutokea Montvalent kwenye chemchemi za kandokando ya mto Dordogne, kilomita kadhaa mbali. Mbwa wetu sijui nikujibu nini ila hiyo rangi ilisafiri kweli.

Jioni tukapita Rocamadour, makanisa yamebandikwa kwenye ukuta wa mlima, ngazi 216 na zamani mahujaji walikuwa wanazipanda kwa magoti. Ndani kuna sanamu ya Maria, nyeusi, ya mti, ndogo. Pazuri ila watu wengi mno na maduka ya ukumbusho yamejaa, hatukukaa.

Siku ya tatu ndo Pech Merle, kijiji kinaitwa Cabrerets. Hii ndo nilikuwa nataka kukusimulia. Pango hili sehemu ya michoro waliigundua vijana wadogo mwaka 1922, André David na rafiki yake Henri Dutertre, walitambaa kwenye matope na mishumaa, padri wa hapo Lemozi ndo alikuwa anawatia moyo. Kwa siku wanaingiza watu 700 tu mwisho, maana pumzi zetu na joto letu vinaharibu michoro. Lascaux, pango lingine la michoro ya kale ambalo haliko mbali sana, walilifunga tangu 1963 kwa sababu hiyo, sasa hivi watu wanaangalia nakala, lakini Pech Merle unaingia kwenyewe. Kupiga picha hairuhusiwi kwahiyo nimekuletea kwa macho tu.

Kuna farasi wawili wamegeuziana migongo, wana madoa mwili mzima, na jiwe lenyewe upande wa kulia limekatika kama kichwa cha farasi, yule mchoraji aliliona hilo akalifuata. Miaka kama 29,000! Mtaalamu mmoja, Michel Lorblanchet, alijaribu kuwachora upya jinsi ilivyofanyika, akatafuna mkaa akautema ukutani kidogokidogo, ndo doa linatoka hivo. Pembeni kuna viganja, mtu ameweka mkono ukutani rangi ikapulizwa kuzunguka, mkono ukaondoka umbo likabaki. Kama bibi alivyokuzungushia kalamu.

Mbele zaidi mtembeza wageni akainamisha tochi chini, akasema taratibu tu hapa. Kwenye udongo uliokauka kuna unyayo. Mguu wa mtoto, au kijana mdogo kama wewe. Kisigino kimezama, vidole vyote vinaonekana, kidole gumba kimebonyea zaidi, unaona kabisa alikuwa anatembea, hakimbii, na udongo ulikuwa bado laini. Maji ya chokaa yakaja yakaugandisha ukakaa maelfu ya miaka. Wenzangu wakasogea mbele, mi nikabaki. Nikaweka kiganja changu hewani juu yake, bila kugusa, nikapima kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya vidole na zaidi kidogo. Nikawaza mama yake alikuwa wapi. Alikuwa nyuma yake kashika moto, au alimwacha nje akaingia kivyake, au ndo hivo alikuwa mbali. Yule dada akarudi kunitafuta akanikuta nalia, akanishika tu mkono hakuuliza.

Basi viatu nimeshanunua, namba 38, nimeongeza moja maana najua mpaka mwezi wa nane mguu utakuwa umeshaenda. Viza ikitoka tunaanza na Cabrerets kabla ya Paris, nimeshamwambia yule dada na gari atatupa. Mle ndani ni nyuzi 12 tu, ile sweta ya kijani ije nayo. Na hiyo karatasi usiitupe, mpe bibi aiweke kwenye sanduku lake, kule chini kwenye kanga.

Mama yako