Dawa ipi ya kusafishia mikanda ya rangi nyumbani?

Mteja anayekuja dukani kwetu hapa Dodoma kuulizia dawa za kusafishia mkanda wa kamera wa picha za rangi nyumbani huanza na bei ya boksi. Sisi humuuliza kwanza: kwa mwezi unapiga mikanda mingapi?

Dawa zote hizi zinafuata utaratibu mmoja, C-41, ambao Kodak waliutoa mwaka 1972. Mkanda wa ISO 200 au wa ISO 400 (namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga), wa kampuni yoyote, unakaa muda uleule kwenye developa mpya, yaani dawa ya kwanza inayotoa picha: dakika 3 na sekunde 15, katika nyuzijoto 37.8. Beseni la maji moto, chupa ya chai pembeni ya kuongezea na kipimajoto kizuri vinatosha kutunza joto hilo, hata umeme ukikatika. Tofauti kubwa ya boksi na boksi iko kwenye hatua inayofuata, ya kuondoa fedha (madini, siyo pesa) iliyobaki kwenye mkanda.

Kazi hiyo inafanywa na dawa mbili, blichi na fiksa. Boksi nyingi za bei nafuu huzichanganya kwenye chupa moja, inayoitwa bliksi. Ni rahisi kutumia, na zile za unga hazivuji njiani. Lakini dawa hizo mbili zikikaa pamoja zinadhoofishana, hata kama chupa imefungwa na hujasafisha mkanda hata mmoja. Ukipiga mikanda miwili kwa mwezi, bliksi itakufia kabatini. Tunza mikanda iliyopigwa kwenye friji mpaka ifike sita au minane, ndipo ukoroge dawa na kuimaliza ndani ya wiki chache.

Anayepiga kila wiki, wa harusi na kipaimara, tunamshauri bila kusita anunue blichi na fiksa kila moja kwenye chupa yake. Atalipa zaidi mwanzoni, ila blichi inadumu sana.

Kuna mteja alituletea negativu (mikanda iliyokwisha kusafishwa) za harusi zimekuwa nzito, rangi ya tope, akiamini kazi ya watu imeharibika. Tulipoziinua dirishani tukaona picha zipo, zimefunikwa na fedha ambayo bliksi iliyochoka haikuiondoa. Tukazirudisha kwenye blichi mpya, mwanga ukiwa umewashwa, kisha fiksa, kisha maji. Ile rangi ya chungwa ya negativu ikajitokeza, na bibi harusi akaonekana na shela lake. Tulifurahi pamoja na mteja wetu.

Developa haina msamaha huo. Rangi isiyotoka pale hairudi tena. Kwa hiyo usibane matumizi kwenye developa: ikishakuwa nyeusi kama chai ya rangi, achana nayo. Adui yake ni hewa, basi iweke kwenye chupa ya plastiki na uibinye mpaka dawa ifike shingoni ndipo ufunge. Iandike jina kwa herufi kubwa na uiweke mbali na watoto, maana chupa ya soda inamwita mtoto.

Maji ya Dodoma yana chumvi, na yakikaukia kwenye negativu yanaacha madoa meupe. Dawa ya mwisho, ile ya kuogeshea mkanda kabla ya kuanika, korogea maji ya betri (yale maji safi, siyo asidi!), na usisuuze tena baada yake. Anika bafuni, ukiwa umemwagia maji sakafu na kuta kwanza, kwa sababu vumbi la kiangazi cha huku likishanata kwenye mkanda mbichi halitoki.